Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mbele ya maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, giaboksi za mtumba hupangwa barazani kutwa nzima zikisubiri wateja. Nairobi shughuli hiyo iko Kirinyaga Road. Kampala iko soko la Kisekka. Nyingi ni za magari ya oto, na kila moja inayouzwa ina maana kwamba katika gereji fulani mjini kuna nyingine imeshushwa na kuhukumiwa kuwa imekufa. Ni ngapi kati ya hizo zilizoshushwa zilikuwa zimekufa kweli? Jibu tusilitafute kwenye takwimu. Limo katika utaratibu wa gereji zetu, na utaratibu huo kila mwenye gari la zamani anaujua.

Unakwenda hivi. Mwenye gari anaona gia inachelewa kuingia asubuhi, au gari linashtuka likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, au injini inavuma bila gari kuongeza mwendo. Fundi analizungusha gari mtaa mmoja, anarudi, anatikisa kichwa: "Boksi limekwisha, bosi, tutafute jingine." Siku hiyohiyo jeki inawekwa. Kati ya dalili na hukumu hakuna aliyepima oili inavyotakiwa, hakuna aliyesoma kodi za hitilafu, hakuna aliyefungua boneti kuangalia mauntingi za injini. Msimamo wangu ni kwamba gharama kubwa ya giaboksi ya oto katika gari kuukuu inatokana zaidi na kuruka hatua hizo kuliko na uchakavu wenyewe.

Uchakavu upo, tusijidanganye. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania haikatazi, ila inalitoza ushuru wa ziada gari lililozeeka, na watu wanalipa kwa kuwa bei ya Japani inakuwa imeshuka vya kutosha. Kwa hiyo gari la kawaida la barabara zetu linaanza maisha ya pili likiwa limeshatumika miaka mingi, mara nyingi kwa safari fupifupi za mjini za kusimama na kuondoka. Japani ina ukaguzi mkali wa lazima, wa kwanza baada ya miaka 3 kwa gari jipya la binafsi na baadaye kila miaka 2, lakini ukaguzi huo haumlazimishi mwenye gari kubadilisha oili ya giaboksi. Gari linaweza kushuka bandarini liking'aa huku oili iliyomo ndani ni ileile iliyotiwa kiwandani.

Na oili ndiyo mwanzo wa kila kitu. Katika gari la manyuo oili ya giaboksi inalainisha meno tu. Nguvu inapita kwenye klachi kavu na vyuma. Katika oto nguvu ya injini inapita kwanza ndani ya oili yenyewe: toki konveta ina panga mbili zinazotazamana, moja inaisukuma oili na nyingine inasukumwa nayo. Pampu iliyo nyuma ya konveta inajenga presha, valvu bodi inaigawa presha hiyo kupitia vijia vyembamba, solenoidi zinafungua na kufunga kwa amri ya kompyuta, na klachi za ndani zinabanwa kwa presha hiyohiyo. Halafu oili inatakiwa pia ilainishe beringi na kubeba joto hadi kwenye rejeta. Ikipungua, ikichakaa au ikiwa si ya aina yake, kila kazi kati ya hizo inaharibika kwa namna yake, na dereva anachokiona ni kitu kimoja tu: gia inasumbua.

Suala la aina ya oili lina historia inayofaa kukumbukwa kila mtu anapoambiwa kwamba "haidroliki zote ni moja." General Motors ilianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na kwa miongo kadhaa oili za giaboksi kama hizo zilichanganywa na mafuta ya nyangumi, kwa sababu yalistahimili joto na kuzifanya klachi zishike bila kushtuka. Marekani ilipopiga marufuku mafuta hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ililazimika kubuni mchanganyiko mwingine, na Dexron II ikatoka mwaka 1973. Toleo la awali lilishika vizuri, lakini kemikali zake zilikula madini ya kuunganishia kipoza oili ndani ya rejeta, ikabidi lirekebishwe. Kiungo kimoja kilibadilika, na athari ikajitokeza mahali ambapo hakuna aliyepatazamia.

Leo tofauti ni kubwa zaidi. Toyota za zamani zilitumia oili ya daraja la Dexron, zikaja za T-IV, kisha WS ambayo ni nyepesi kuliko zilizotangulia. Honda ina yake, Mitsubishi ina SP-III, na magari mengi ya CVT, ambayo nitayaeleza mbele, hayatumii hata mojawapo ya hizo. Katika vituo vingi vya mafuta bado utakuta ile nyekundu moja inayomiminwa kwenye giaboksi, kwenye usukani wa pawa na kwenye jeki ya lori bila kuulizwa. Nyekundu ni rangi iliyotiwa ili oili itofautishwe na ya injini. Haikwambii chochote kuhusu kilichomo.

Kipimo cha kwanza, basi, ni oili, na hata hapa watu hukosea namna ya kupima. Kwa Toyota nyingi zenye stiki, gari linatakiwa liwe limetembea mpaka likapata joto, lisimame mahali tambarare, injini iwe inaunguruma sailensa, gia ipitishwe nafasi zote kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo stiki ichomolewe na kusomwa upande wa alama za moto. Ukipima injini ikiwa imezimwa utaona oili imejaa kumbe imepungua. Honda nyingi zinataka kinyume chake: zima injini, kisha pima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Magari ya karibuni zaidi yanayotumia WS mara nyingi hayana stiki kabisa; kiwango hupimwa kwa kufungua nati ya chini oili ikiwa na joto maalumu, na kwa kazi hiyo fundi asiye na kifaa cha kusoma joto anabahatisha. Kujaza kupita kiasi nako kuna madhara yake, maana oili iliyofurika hupigwa na vyuma vinavyozunguka ikatoa povu, na povu halijengi presha.

Baada ya kiwango, angalia rangi na harufu. Nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia ni umri tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi. Chenga za chuma zinazong'aa zina maana kwamba vyuma vinasagana, ingawa vumbi laini la kijivu kwenye sumaku za sampo ni la kawaida katika giaboksi yoyote yenye umri. Kuna rangi moja ambayo ikionekana gari lisiwashwe tena: waridi iliyochanganyika na maziwa. Hiyo ni maji ya rejeta yaliyoingia kwenye giaboksi. Kipoza oili kimefichwa ndani ya tangi la rejeta, na rejeta inayojazwa maji ya bomba mwaka baada ya mwaka badala ya kulanti inaliwa na kutu kutoka ndani. Siku ukuta mwembamba ukitoboka, kulanti na oili vinakutana, gundi ya plati za klachi inaachia, na giaboksi iliyokuwa nzima mwezi uliopita inakufa kwa sababu ya uchumi wa kulanti. Katika orodha yangu ya vifo vya giaboksi vinavyoepukika, hiki nakiweka cha kwanza.

Umeme ni kipimo cha pili, na hurukwa kila mara kwa sababu hauonekani. Kompyuta ya giaboksi ikigundua hitilafu hulifunga gari katika gia moja, mara nyingi ya tatu, ili ufike nyumbani bila kuharibu zaidi. Dereva anaona gari zito kuondoka na anaamini boksi limekwisha. Kumbe ni sensa ya mwendo, waya uliolika au solenoidi moja. Gari lenyewe hujaribu kusema. Toyota nyingi za miaka ya 1990 humulikamulika taa ya O/D OFF, na ukiunganisha tundu za TE1 na E1 kwenye boksi la vipimo taa hiyo inahesabu kodi: 62 na 63 ni solenoidi za kubadilishia gia, 64 ni ya kufungia konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Haihitaji mashine ya mamilioni. Inahitaji kipande cha waya na mtu anayejua kuhesabu. Subaru za gia nne nazo humulika taa ya AT OIL TEMP mara 16 baada ya kuwashwa zikiwa na kosa lililohifadhiwa, na nimewahi kusikia mwenye gari akishauriwa aichomoe taa hiyo kwa sababu "inasumbua macho."

Kuna pia magonjwa ya jirani yanayosingiziwa giaboksi. Koili au plagi mbovu hufanya gari litetemeke hasa katika mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa, konveta ikiwa imejifunga, na mtetemo huo unafanana sana na klachi inayoteleza. Mauntingi iliyokatika hufanya injini yote iruke unapoingiza R au D, ukasikia kishindo ukadhani ni gia. Throto chafu huifanya sailensa ipande, na gia zikaingia kwa teke. Katika Subaru zinazoendeshwa na magurudumu yote manne, gari linalojikaza likikata kona ya polepole huenda lina tairi zisizolingana, kwa kuwa mwenyewe alinunua mbili mpya akaacha mbili zilizokwisha. Kwenye boneti la nyingi kati yake kuna kitundu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi hapo na gari likalegea konani, shida iko kwenye mgawo wa nguvu ya nyuma, na sehemu kubwa ya giaboksi haihusiki.

Subaru hizohizo zina mtego mwingine ambao umeua boksi nyingi. Difu ya mbele imo ndani ya nyumba moja na giaboksi lakini ina oili yake, nati yake na stiki yake. Fundi asiyeijua anamwaga oili ya difu akiamini amemwaga ya giaboksi, kisha anajaza haidroliki juu ya iliyopo. Gari linaondoka gereji difu ikiwa kavu na giaboksi ikiwa imefurika. Linakwenda siku chache.

Baada ya oili na umeme ndipo presha. Gereji yenye geji ya presha ya giaboksi ina thamani kuliko yenye kiyoyozi ofisini, kwa sababu geji hiyo ndiyo inayosema kama pampu inajenga na klachi zinashika. Palipo na uhitaji, kipimo cha kukanyaga mafuta gari likiwa D na breki zimeshikiliwa kinasaidia: mshale wa mizunguko ukipanda kupita kiwango cha kitabu, ndani kunateleza, ukibaki chini sana, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro. Kisizidi sekunde 5, tairi ziwekewe vigingi, na asisimame mtu mbele ya gari. Sikipendi kikifanywa na vijana wanaojifunza, kwa kuwa oili ndani ya konveta huchemka upesi na kipimo chenyewe kinaweza kuwa ndiyo sababu ya ugonjwa.

Hapa ndipo unapozuka ubishi mkubwa wa vijiwe vyote vya mafundi: je, giaboksi ya zamani ibadilishwe oili, au kufanya hivyo ni kuiua? Wanaokataa wana ushahidi wa macho. Wameona magari yaliyobadilishwa oili Jumatatu yakashindwa kwenda Ijumaa. Lakini uliza kwa nini mwenye gari alikwenda kubadilisha oili siku hiyo: kwa sababu giaboksi ilikuwa imeshaanza kuteleza. Klachi zilikuwa zimekwisha, na oili mpya haiwezi kurudisha plati iliyoliwa. Kuna ukweli kiasi pia katika hofu ya kusukuma oili kwa mashine ya presha, maana uchafu uliolala miaka kwenye kona za sampo unaweza kung'olewa ukaziba vijia vya valvu bodi. Kwa giaboksi ya umri ambayo bado inaingiza gia vizuri, njia ya salama ni kumwaga na kujaza, kurudia baada ya muda, na kubadilisha filta palipo na ya kubadilishwa. Corolla nyingi za gia nne hutoa takribani lita 3 ukifungua nati ya chini, ilhali mfumo mzima unabeba zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, kwa hiyo kumwaga mara moja ni kuchanganya mpya na ya zamani. Oili zinazoitwa za maisha yote zimepewa sifa hiyo kwa matumizi ya kawaida, na miongozo mingi ya watengenezaji huweka ratiba nyingine kwa joto, mzigo na foleni. Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam saa 12 jioni ina vyote vitatu.

Joto ndilo linaloila oili. Kiwango cha kawaida ni nyuzi 80 hadi 90 hivi, na kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu wa fani hii ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa oili kwa nusu. Ndiyo maana kupanda mlima wa Kitonga gari limejaa huku D ikihangaika kati ya gia ya tatu na ya nne kunaumiza kuliko safari yote iliyobaki hadi Iringa. Zima O/D, au weka 2, uiache gia ikae mahali pamoja. Na kushuka iwe hivyohivyo. Kuteremka kwa N ili kuokoa mafuta ni hatari kwa breki na hakuna faida ya maana, kwa sababu injini za sindano hukata mafuta zenyewe ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia. Gari likiharibika, lisivutwe tairi zinazoendesha zikiwa chini: injini imezimwa, pampu haizunguki, na vyuma vinasagana vikavu.

CVT inahitaji maneno machache ya peke yake, kwa kuwa wengi huinunua bila kujua. Ndani yake hakuna gia za hatua; kuna mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilika upana, wazo ambalo kampuni ya DAF ya Uholanzi iliingiza katika gari dogo mwaka 1958 kwa mkanda wa mpira. Nissan X-Trail ya umbo la T30 ina oto ya gia nne. T31 ya petroli inayotoka Japani ina CVT isipokuwa chache za manyuo, na watu wawili wenye "X-Trail" wakipeana ushauri wa oili wanaweza kuharibiana gari. Mkanda ukipewa haidroliki ya kawaida unateleza kwenye puli na kuzikwaruza, na puli iliyokwaruzwa haina dawa ya mtaani. Kwa gari la CVT lenye umri mkubwa, nisingekubali kulinunua bila kulijaribu mlimani likiwa na joto.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila kifo ni kosa la fundi au dereva. Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 kutoka miaka 5 hadi 10. Mwaka 2004 Honda iliyaita kwa marekebisho zaidi ya magari milioni moja huko kwa sababu ya joto lililokuwa likidhoofisha gia ya pili. Yapo maboksi yaliyozaliwa na kasoro, na ukinunua gari la miaka hiyo unanunua na kasoro hiyo.

Tuseme sasa vipimo vyote vimefanyika na boksi limekwisha kweli. Njia ni kadhaa, na inayochukuliwa zaidi ni ya Gerezani. Giaboksi ya mtumba ina bei nafuu kuliko kufunguliwa na kuvalishwa klachi na sili mpya, na inafungwa kwa siku moja. Tatizo ni kwamba hujui ilitoka gari gani, ilitembea kiasi gani, na iliwekwa wapi. Ukibahatika inakwenda miaka. Lakini nyingi zinazosemwa "zilikuja mbovu" huharibiwa wakati wa kufungwa. Konveta inatakiwa ikae ndani kabisa hadi meno yake yashikane na ya pampu. Isipokaa, na fundi akavuta boksi kwa kukaza nati badala ya kuuliza kwa nini haligusi injini, pampu inavunjika kabla gari halijawashwa. Kosa la pili ni kutosafisha kipoza na mabomba yake. Chenga zote za boksi lililokufa zimelala humo, na zinarudishwa katika boksi jipya kwa pampu yake yenyewe.

Kuifungua na kuitengeneza ni njia bora pale tu palipo na fundi wa giaboksi aliyefanya aina hiyo, mwenye spea za kweli na mahali safi pa kufanyia kazi; kwa Toyota za gia nne wapo, kwa CVT ni wachache mno. Kubadilisha solenoidi au valvu bodi peke yake inatosha mara nyingi kuliko inavyopendekezwa. Kugeuza gari liwe manyuo kunawezekana na kunafanywa, ila kunataka flaiwili, pedali, klachi na marekebisho ya nyaya ili kompyuta isiendelee kutafuta boksi lililoondoka. Kwa gari la biashara la kubeba mizigo nakuona kuna maana, kwa gari la familia sikuoni. Na ikiwa gharama ya giaboksi inakaribia nusu ya bei ya kuliuza gari likiwa zima, hesabu inasema liuzwe kama lilivyo, kwa bei ya ukweli na kwa kumwambia mnunuzi shida iliyopo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akikwambia boksi limekwisha, mwombe vitu vitatu kabla hujatoa hela: oili iliyomwagwa uione mwenyewe kwenye chombo cheupe, kodi zilizosomwa ziandikwe kwenye karatasi, na namba ya presha. Asiyeweza kukupa hata kimoja hajaipima giaboksi yako, na usimruhusu aishushe.